Mchezo wa nyambizi na askari walioondoka Kilindini

Topido haitupwi mahali meli ilipo. Hutupwa mahali meli itakapokuwa baada ya dakika moja au mbili. Hilo ndilo somo la kwanza la mchezo wa kompyuta uitwao Silent Hunter, na ndilo somo ambalo vijana wanaoanza kuucheza hulipokea kwa shida kubwa.

Ndugu msomaji, usishangae kuona ukurasa huu, uliozoea bei ya mchele na foleni ya malori ya Rusumo, leo unazungumzia nyambizi, yaani manowari zinazokwenda chini ya maji. Sababu ni mbili. Kwanza, ndugu zetu waliorejea kutoka nje wamekuja na watoto wao, na watoto wamekuja na kompyuta zao. Ni vizuri mzazi ajue mwanawe anacheza nini anapojifungia chumbani hadi usiku wa manane. Pili, hesabu inayofundishwa na mchezo huu si ya kubuni. Ni ile ile iliyotumika tarehe 12 Februari, 1944 kuizamisha meli iliyotoka Mombasa ikiwa imebeba kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wengi wetu hatukusimuliwa habari hiyo shuleni.

Mimi niliufahamu mchezo huu kupitia kwa mpwa wangu, aliyerejea na wazazi wake kutoka Ubelgiji. Nilikaa naye jioni kadhaa nikimuuliza maswali, naye akanijibu kwa subira. Nilipomwambia kwamba sijasikia mlio wa bunduki hata mmoja, alicheka akasema: "Mjomba, hapa hatupigi risasi. Hapa tunapiga hesabu."

Mchezo wenyewe si mpya. Silent Hunter ya tatu ilitoka mwaka 2005. Iliundwa mjini Bucharest, nchini Romania, na tawi la kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft. Humweka mchezaji katika nyambizi ya Kijerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ya nne ilitoka mwaka 2007, ikimweka katika nyambizi ya Kimarekani inayopigana na Wajapani katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 2008 ikaongezwa sehemu inayohusu nyambizi za Kijerumani zilizopelekwa Bahari ya Hindi. Pamoja na umri wake bado ina wapenzi wengi, kwa sababu haidai kompyuta ya bei kubwa na haimpi mchezaji ushindi wa bure.

MASWALI MANNE

Nyambizi ambayo wachezaji wengi huitumia ni ile ya Kijerumani ya aina ya VIIC. Ina matundu manne ya topido omoni, yaani mbele, na tundu moja tezini, yaani nyuma. Hubeba topido 14. Juu ya maji hufikia kasi ya noti 17. Noti moja ni mita 1,852 kwa saa, kwa hiyo hizo ni zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Lakini ikizama hutegemea betri, na kasi yake haizidi noti 7 na nusu. Hata kasi hiyo haidumu, maana betri huisha upesi.

Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Meli ya mizigo ya miaka ile ilikwenda noti 8 au 10. Maana yake nyambizi iliyozama ni polepole kuliko windo lake, na haiwezi kulifukuza. Ni lazima itangulie. Mchezaji anapoona moshi wa meli kwa mbali, hukaa juu ya maji nje ya upeo wa macho ya walinzi, huzunguka kwa kasi hadi mbele ya njia ya meli, kisha huzama na kusubiri. Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua mbinu hii. Anayetaka mzigo mzuri siku ya gulio hafiki asubuhi. Hulala pale pale usiku wa kuamkia gulio.

Akiwa anasubiri, mchezaji huinua periskopu, ile darubini ndefu inayochungulia juu ya maji, na kutafuta majibu ya maswali manne. Ni meli gani? Iko umbali gani? Inaelekea wapi? Inakwenda kwa kasi gani?

Swali la kwanza hujibiwa kwa kitabu. Ndani ya mchezo kuna kitabu chenye picha za meli, na kila picha ina urefu wa meli na kimo cha mlingoti wake. Mchezaji hulinganisha: mabomba mangapi ya moshi, milingoti mingapi, sitaha iko juu au chini. Akichagua meli isiyo yenyewe, majibu yanayofuata yote yatapinda.

Swali la pili hutegemea la kwanza. Mtu anayejua kwamba mlingoti una kimo cha mita 25 anaweza kutambua umbali kwa kuangalia unavyoonekana mdogo kwenye kioo. Periskopu ina kipimo cha kazi hiyo. Mchezaji hupandisha mstari hadi ncha ya mlingoti, na chombo humpa umbali kwa mita.

Swali la tatu ndilo linalowashinda wengi. Ni lazima ukadirie pembe kati ya omo ya meli na mahali ulipo wewe. Meli inayokujia uso kwa uso ina pembe ya nyuzi 0. Inayokuonyesha ubavu mzima ina nyuzi 90. Katikati ya hizo, jicho hudanganywa na mawimbi na mwanga, na hakuna chombo kinachokupa jibu moja kwa moja.

Swali la nne lina njia ya mkato, nayo mpwa wangu ameiandika kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Pima meli imesafiri mita ngapi kwa dakika 3 na sekunde 15. Kila mita 100 ni noti moja. Ikiwa imesafiri mita 800, kasi yake ni noti 8. Nilikaa na kikokotoo nikaihakiki, nikakuta ni sahihi.

HESABU YA DAKIKA MOJA

Sasa tuchukue mfano. Meli yenye urefu wa mita 130 inapita mbele yako kwa noti 8. Wewe uko mita 1,000 kutoka kwenye njia yake, na omo yako imeikabili njia hiyo sawasawa. Topido ya umeme ya Wajerumani ilikwenda noti 30, yaani mita 15 na kidogo kwa sekunde. Itatumia sekunde 65 kufika. Ndani ya sekunde hizo meli itakuwa imesogea mita 267, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya urefu wake. Ukiilenga katikati pale ilipo, topido itapita nyuma ya tezi kwa zaidi ya mita 200, na watu wa melini wataendelea kunywa chai yao. Kwa hiyo hutupwa mapema, meli ikiwa bado haijafika mbele yako, kiasi cha nyuzi 15 kabla.

Tuseme tena kwamba umekadiria noti 8 kumbe meli inakwenda noti 10. Tofauti ya noti mbili kwa sekunde 65 ni mita 67. Nusu ya urefu wa meli ni mita 65. Topido itapita nyuma yake kwa mita mbili tu. Lakini ukiwa umesogea hadi mita 500, kosa hilohilo la noti mbili linakuwa mita 33, na topido itapiga. Na ukiwa umekaa mbali, mita 3,000, topido itachukua zaidi ya dakika tatu njiani, na kosa la noti moja peke yake litatosha kuikosa meli nzima.

Ndiyo maana wachezaji wazoefu husema mbinu yote ni kukaribia. Chini ya mita 1,000 ndipo pazuri. Lakini kukaribia kuna mpaka wake, kwa kuwa topido haiko tayari kulipuka mpaka iwe imesafiri kiasi fulani. Katika mchezo huu ni mita zipatazo 300. Ukisogea zaidi ya hapo, topido itagonga ubavu kama gogo.

Kuna mambo mengine ya kuzingatia. Periskopu huinuliwa kwa sekunde chache tu na kushushwa, na nyambizi huenda polepole, kwa sababu mwendo wa kasi huifanya periskopu iache mkia wa povu unaoonekana na walinzi. Mchana wa jua hutumiwa topido ya umeme, ambayo haiachi mapovu. Ile ya mvuke ina kasi zaidi, hadi noti 44, lakini huandika mstari mweupe juu ya maji unaoelekeza kidole mahali ilikotoka. Mchezaji asiye na hakika na kasi ya meli hutupa topido tatu au nne zilizotanuka kama vidole vya mkono, ili moja ikikosa nyingine ipate.

Katika msafara wa meli nyingi, topido ya kwanza hupelekwa kwa meli iliyo mbali na ya mwisho kwa iliyo karibu, ili zote zifike kwa wakati mmoja. Mlipuko wa kwanza ukitangulia sana, meli nyingine zitageuza usukani na hesabu zote zitaharibika. Kwa sababu hiyo hiyo meli za vita zile zilikwenda kwa kupinda kushoto na kulia kila baada ya muda. Nahodha anayepinda hulifuta jibu la swali la tatu kila mara adui anapokaribia kulipata.

Waliowahi kusafirisha mizigo katika msafara wa malori unaosindikizwa wataelewa jambo moja bila kuelezwa: msafara huenda kwa mwendo wa gari bovu kuliko yote. Baharini ni vivyo hivyo.

WALIOUCHEZA KWA MAISHA YAO

Mchezo huu una pointi, na pointi hutokana na tani za meli zilizozama. Lakini waliofanya kazi hiyo kweli hawakuwa na kitufe cha kuanza upya.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba, 1939, Mjerumani Günther Prien aliiingiza nyambizi yake U-47 ndani ya kituo cha Scapa Flow, kaskazini mwa Uskoti. Mashambulizi yake ya kwanza hayakufanya kazi ya maana. Topido moja iligonga omo ya manowari Royal Oak, na waliokuwa ndani hawakujua ni nini. Alipakia nyingine akarudia, na manowari hiyo ikazama na watu zaidi ya 800. Miezi michache baadaye, katika vita vya Norway mwaka 1940, topido za Wajerumani zilianza kuwasaliti wenyewe: zilikwenda chini kupita kiasi, au zililipuka kabla ya kufika. Mchezo unalikumbuka hilo. Mchezaji anaweza kuchagua topido ziwe na kasoro kama za wakati ule, akapiga hesabu yake vizuri na bado akasikia kishindo kikavu cha chuma kugonga chuma.

Wamarekani yaliwakuta makubwa zaidi. Tarehe 24 Julai, 1943 nyambizi Tinosa, chini ya Lawrence Daspit, iliikuta meli kubwa ya Kijapani, Tonan Maru namba 3. Daspit aliisimamisha, kisha akajiweka mahali pazuri kabisa, ubavu kwa nyuzi 90, akaanza kutupa topido moja baada ya nyingine. Kwa jumla alitupa 15, na nyingi zikagonga bila kulipuka. Alibakiza moja akaipeleka Pearl Harbor ikachunguzwe. Huko mafundi waligundua kwamba kishindo cha nyuzi 90 kilikuwa kikiuponda msumari wa kulipulia, ilhali topido iliyogonga kwa mshazari ililipuka. Pembe iliyosifiwa vitabuni ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Hata hivyo waliopata hasara kubwa zaidi walikuwa Wajerumani. Mwezi Mei 1943 peke yake walipoteza nyambizi 41. Kati ya watu wapatao 40,000 waliotumikia katika nyambizi zao wakati wa vita, karibu 30,000 hawakurudi nyumbani.

Sehemu ya sababu ilikuwa mchezo mwingine. Januari 1942, mjini Liverpool, Kapteni Gilbert Roberts wa jeshi la wanamaji la Uingereza alipewa ofisi na wasichana wachache wa kikosi cha wanawake wa jeshi hilo. Walichora miraba sakafuni, wakaweka vimeli vidogo, na kuandika njia zao kwa chaki. Kwa kuucheza msafara uleule mara nyingi, waligundua kwamba nyambizi zilikuwa zikiingia katikati ya misafara kutoka nyuma, usiku. Wakabuni mbinu za kuzinasa, na makamanda wa manowari za ulinzi wakaja kufundishwa pale. Kwa hiyo yeyote anayesema kwamba mchezo ni upuuzi mtupu ajue kwamba chaki ya Liverpool iliokoa mabaharia wengi.

TAREHE 12 FEBRUARI, 1944

Sasa turudi upande wetu wa dunia. Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na Waingereza wakahamishia meli zao kubwa za Bahari ya Hindi bandarini Kilindini, Mombasa. Mei 30 mwaka huohuo nyambizi ndogo za Kijapani zilipenya bandari ya Diego Suarez, Madagaska, zikaipiga manowari Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta. Juni na Julai nyambizi za Kijapani zilizamisha meli yapata 20 katika Mlango-bahari wa Msumbiji. Vita ilikuwa imefika mlangoni kwetu.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za abiria uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, askari Waafrika pamoja na maofisa wao, waliokuwa wakipelekwa kwenye vita dhidi ya Wajapani. Walikuwamo pia mabaharia wa Kiingereza na wanawake 83, wengi wao wauguzi.

Jumamosi tarehe 12, baada ya chakula cha mchana, msafara ulikuwa karibu na visiwa vya Maldivi. Wauguzi na abiria wengine walikuwa ukumbini wakisikiliza muziki. Askari wengi walikuwa chini ya sitaha. Nyambizi ya Kijapani I-27, chini ya kamanda Toshiaki Fukumura, ilikuwa inasubiri mbele ya njia yao.

Kamanda huyo alikuwa na maswali yaleyale manne ambayo mpwa wangu huyajibu kwa kipanya. Meli gani, umbali gani, inaelekea wapi, kasi gani. Topido zake zilikuwa bora kuliko za Wajerumani: zilitumia oksijeni, zilikwenda zaidi ya noti 45, na mkia wao wa mapovu ulikuwa vigumu kuuona. Alitupa nne. Mbili zilipiga. Khedive Ismail ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Waliookoka walikuwa wanaume 208 na wanawake 6.

Msomaji aliyewahi kupanda meli ya abiria ziwani Viktoria au Tanganyika afikirie dakika mbili. Aliye chini ya sitaha anahitaji muda zaidi ya huo kuipata ngazi hata kama taa zinawaka na meli imesimama wima.

Yaliyofuata yalikuwa mazito vilevile. Manowari za ulinzi, Petard na Paladin, ziliisaka nyambizi kwa mabomu ya kina, yale yanayotupwa majini na kulipuka chini. Kwa kuwa nyambizi ilijificha karibu na mahali watu walikokuwa wakielea, baadhi ya waliookoka topido waliuawa na mabomu ya upande wao wenyewe. I-27 ilipolazimika kuibuka, mizinga ya manowari hizo haikuweza kulitoboa umbo lake. Paladin ilijaribu kuigonga ikaumia yenyewe. Mwishowe Petard ikatumia topido zake. Nyambizi ilikuwa mbele ya macho yao mchana kweupe, imejeruhiwa, haiwezi kuzama tena. Topido sita zilikosa. Ya saba ndiyo iliyoimaliza, pamoja na karibu mabaharia wake wote.

JINA KATIKA ORODHA

Siku moja jirani yangu, mama anayeuza vitenge sokoni na aliyeolewa hapa kutoka upande wa Kisumu, alipita nyumbani kufuata deni lake. Mpwa wangu alikuwa amefikia pale pa kushangilia: meli imekatika, omo iko juu, na mchezo umeandika tani zake. Mama alisimama nyuma yake akatazama kwa muda, kisha akauliza:

"Waliomo mle ndani ni akina nani?"

"Ni tani elfu tano, mama," kijana akajibu.

"Sikuuliza uzito, mwanangu."

Ndipo akatueleza kwamba babu yake, baba wa mama yake, alichukuliwa kwenye vita vya Hitila akiwa askari wa mizinga. Familia iliambiwa kwamba amezama na meli, basi. Hapakuwa na jina la meli wala la mahali. Bibi yake alikataa kufanya matanga kwa miaka mingi, kwa sababu, alisema, mtu aliyepotea anaweza kurudi. Aliweka kiti chake. Alipofariki, watoto waligombana juu ya shamba, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuonyesha lini baba yao alikufa wala wapi.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya askari hao, na mtu yeyote mwenye simu yenye intaneti anaweza kuitafuta bila malipo. Nilikaa na mama yule jioni ileile. Tulijaribu jina la babu yake kwa herufi tofauti, kwa sababu makarani wa jeshi waliyaandika majina ya Kiafrika kama walivyoyasikia. Mara ya nne likatokea: jina, namba yake ya jeshi, kikosi chake cha mizinga, na tarehe 12 Februari, 1944. Mpwa wangu, aliyekuwa akisoma kwa juu ya bega langu, aliitambua tarehe kabla yangu, kwa sababu nilikuwa nimemsimulia habari ya Khedive Ismail. Mama aliomba aandikiwe yote kwenye karatasi, na neno la meli liandikwe kwa herufi kubwa. Deni lake la vitenge alilisahau mpaka kesho yake.

Sitawaambia wazazi wazuie mchezo huu. Kijana anayejifunza pembe, kasi na umbali kwa hiari yake anajifunza hesabu ambayo darasani huikimbia, na anajifunza kwamba anayefanya haraka hukosa. Hata hivyo ningependa anayefundisha hesabu hiyo, awe mzazi au kaka mkubwa, asiishie kwenye maswali manne ya periskopu. La mama muuza vitenge liwe la tano. Wenzetu wa Liverpool walicheza mchezo wao wakijua kwamba ndani ya meli za kweli walikuwamo watu, na ndiyo maana waliucheza kwa bidii ile.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tumeijua maana ya kurejea: tulitoka, tukakaa ugenini, tukarudi tukakuta nani yupo na nani hayupo. Wale wa Kikosi cha 301 waliozama na meli ile hawakurejea wala hawana kaburi. Majina yao yamechongwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, upande wa Barabara ya Ngong.

Wafanyabiashara wetu huenda Nairobi kila wiki kufuata nguo, vipuri na simu. Aliye na babu au mjomba wa ukoo aliyesemwa kwamba "alipotea baharini" na aende na jina lake, pamoja na namna tatu au nne za kuliandika. Atafute kwanza katika orodha ya Tume kwa simu, apate namba ya jeshi, kisha alitafute jina kwenye ukuta wa mnara. Na akilipata, apige picha, awapelekee wazee wa nyumbani ambao bado wanasubiri kuambiwa.